Atasema na Mashine ya Kuchungulia Samaki

Kwa miaka ishirini na saba amekaa katika chumba chenye mapazia mazito, kitanda chembamba kilichotandikwa karatasi, na feni inayozunguka kama mtu aliyelazimishwa. Kazi yake ni kupiga altrasaundi. Anampaka mtu jeli tumboni, anapitisha kidude chake, anatazama skrini, anaona yote, halafu hasemi kitu. Hilo la mwisho ndilo gumu. Kupiga picha unaweza kumfundisha mtu yeyote kwa miaka mitatu. Kutosema kunataka kipaji.

Sheria ya hospitali ni kwamba mpiga picha haoni. Anayeona ni daktari, ambaye wakati huo yuko ghorofa ya pili anakunywa chai. Mpiga picha anajaza vipimo kwenye fomu, anaitia fomu kwenye bahasha, anaifunga. Mgonjwa akiuliza, "Kuna nini?" jibu ni moja tu: "Daktari atasema." Mjamzito akiuliza ni wa kike au wa kiume, daktari atasema. Mzee akiuliza kama hayo mawe ya figo yanatosha kujengea choo, daktari atasema. Siku moja muuguzi alichungulia mlangoni akauliza kama nje kunanyesha, naye akajibu daktari atasema. Kuanzia hapo wakambandika jina hilo, likakatwa kichwa, likabaki Atasema. Jina lake la kuzaliwa analijua mlinzi wa geti peke yake, na hata yeye hulikosea.

Wagonjwa hawatazami skrini. Wanaona ukungu tu mle. Wanamtazama yeye usoni. Ndiyo maana uso huo ameufundisha ukae kama dirisha la ofisi saa ya chakula cha mchana: upo, lakini hakuna mtu nyuma yake. Wauguzi wapya hutumwa chumbani kwake waende wajifunze. Wengine hurudi wakisema mzee wa mle ndani amekufa na hakuna aliyemwarifu.

Mwaka juzi mke wake alianza kulalamika ubavu wa kulia. Jumapili moja yeye akampitisha mlango wa nyuma wa hospitali ili asipange foleni, akapasha chupa ya jeli kwenye bakuli la maji moto, kwa sababu jeli baridi ni uadui, na akamwambia maneno anayowaambia watu wote: "Vuta pumzi. Shikilia. Pumua." Akaona. Hakuhitaji hata dakika nzima. Mke naye, ambaye alikuwa ameishi na uso ule miaka thelathini, akauliza, "Baba, kuna nini?"

"Daktari atasema."

Haukuwa ukatili. Mdomo ulijifanyia wenyewe, kama goti linalogongwa nyundo. Lakini daktari mwenyewe alikuwa kwenye semina, na semina za madaktari zina chakula kizuri, kwa hiyo zikapita siku tisa. Siku tisa mume anajua na mke hajui. Mke anakaanga vitunguu, anagomba juu ya taulo bichi lililotupwa kitandani, anachagua rangi ya kupaka jikoni. Siku ya kumi daktari akasema. Baada ya hapo mke aliishi miezi minne. Kuhusu zile siku tisa hakumwambia mumewe hata neno. Alimwambia kaka yake.

Tangu mazishi Atasema hajalia. Majirani walingoja, na wengine walikuwa wamejipanga vizuri kabisa karibu na mlango ili wasikose. Yeye akawa anawapokea, anawaonyesha pa kukaa, anawaaga, utadhani yuko mapokezi. Anakula. Analala vizuri, jambo ambalo mtaa haujamsamehe. Si kwamba anaficha kitu. Alijichunguza mwenyewe kwa uaminifu wa kitaalamu na hakukuta kitu ndani, si uchungu, si hasira. Ni ganzi, kama mguu uliokaliwa, ila hapa umekaliwa mwili mzima na aliyeukalia hana haraka ya kuinuka.

Kilichobaki ni Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi anakwenda ziwani kuvua na yule kaka wa mkewe, katika boti ndogo ya faiba waliyoinunua pamoja miaka kumi na miwili iliyopita. Hawavui kwa riziki. Samaki wanaopata hawatoshi hata kumshawishi paka. Lakini maji ya ziwa lile yamefanana na chai ya maziwa, ukitia mkono hadi kiwiko huoni vidole, na Atasema akikaa na mshipi wake anakuwa sawa na mjinga mwingine yeyote. Hajui kilicho chini, na hakuna mtu anayemtazama usoni kumsoma. Hajawahi kumweleza mtu jambo hilo. Angemwambia nani?

Shemeji yake ni mwalimu wa udereva. Wanamwita Breki. Gari lake la kufundishia lina pedali ya pili upande wa abiria, na baada ya miaka mingi ya kunusurika, mguu wake wa kulia umezoea kukanyaga breki popote: kwenye sofa, kwenye benchi la benki, kitandani. Mkewe anasema huamka na michubuko.

Jumatano moja Breki alifika kwa shemeji yake na karatasi yenye picha, akaiweka mezani, akaipiga kofi.

"Shemeji, ndiyo hii."

"Ni nini?"

"Sona ya pembeni, mashine ya kuchungulia samaki. Hii siyo ile ya zamani inayotazama chini tu kama mtu aliyedondosha sindano. Hii inatazama kushoto na kulia, mita arobaini huku, mita arobaini kule. Visiki, mawe, samaki, vyote unaviona kwenye skrini. Muuzaji ananiazima Jumamosi hii, tuijaribu."

Atasema alisoma karatasi. Bei ilikuwa ndogo kuliko ya boti, lakini si sana. "Inatumia mwangwi," alisema.

"Kama ile yako."

"Kama ile yangu."

"Ndiyo maana nimekuja." Breki aliketi, mguu ukakanyaga zulia. "Mimi nikitazama skrini ile nitaona uji. Wewe utaona. Sasa nisikilize, shemeji. Utaitazama, na utaniambia mlemle ndani ya boti, siku hiyohiyo: inafaa au haifai. Ukiniambia ngoja, ukiniambia sijui daktari nani, nauza nusu yangu ya boti kabla jua halijazama."

"Kwa ajili ya mashine?"

"Miaka miwili nimekaa kwenye boti moja na bahasha iliyofungwa. Nimechoka. Dada yangu alikaa na bahasha hiyo siku tisa, na mimi sina uvumilivu wake."

Atasema alitazama pedali isiyokuwepo chini ya mguu wa shemeji yake. Alijua kwamba hapa lingefaa kuingia jambo fulani, aibu labda. Alingoja kidogo. Halikuja.

"Sawa," akasema. "Niachie na kitabu chake cha maelekezo."

Akakisoma chote, kurasa mia na arobaini, siku tatu, kama mtu anayesoma barua ya kazi aliyoiacha.

Jumamosi walikuwa watatu. Boti ni ya wawili, lakini injini ni ya Msusi, mwanamke mwenye saluni karibu na soko, ambaye aliwakuta siku moja wanapiga makasia dhidi ya upepo akaona ni dhambi kucheka peke yake ufukweni. Tangu hapo huja na injini yake na mdomo wake, na kati ya hivyo viwili injini ndiyo hupumzika.

"Bila mimi nyinyi mna beseni tu," alisema, akiibana injini nyuma ya boti. "Na hiki nacho ni nini? Televisheni? Tumekuja kutazama taarifa ya habari?"

"Hiki kitatuonyesha samaki," Breki alisema kwa fahari. Alikuwa amefunga kidude cha sona kwenye ubao, ubao akaufunga ubavuni mwa boti kwa kamba, na betri ya gari lake akaiweka katikati ya miguu ya watu.

"Mimi samaki nawaona kila siku. Nikiwaona kwenye ndoana."

"Wangapi mwezi uliopita, dada?"

"Kaka Breki, usiniamshe vita asubuhi."

Ziwa lilikuwa tulivu. Breki alishika mkono wa injini, Atasema akaketi mbele ya skrini, akaivuta karibu, akaipunguzia mwanga. Vidole vilijua wenyewe pa kwenda. Picha ikaanza kushuka kutoka juu, ya rangi ya shaba, na ukanda mweusi katikati: hayo ni maji yaliyo chini ya boti. Huku na huku, sakafu ya ziwa. Au ingekuwa sakafu, kama Breki angekwenda sawasawa. Lakini mwalimu wa udereva hawezi kwenda sawasawa kwenye maji matupu. Alikuwa anageuka kutazama nyuma kabla ya kila kona, akimpisha bata, akirudi upande wake wa barabara, na kwenye skrini kila kisiki kilikuwa kimepinda kama tambi.

"Nyoosha," Atasema alisema.

"Nimenyoosha."

"Hujanyoosha. Elekea lile jengo lenye tangi na usiliache. Mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka, usizidi. Ukikata kona, picha inararuka."

"Bata je?"

"Bata ana macho."

Boti ikanyooka. Picha ikatulia, karibu. Bado kulikuwa na kutikisika kidogo, kama tumbo la mtu mwenye hofu, na Atasema, macho yake kwenye skrini, akasema kwa upole, bila kujua anasema nini: "Vuta pumzi. Shikilia."

Breki akavuta pumzi, akashikilia. Msusi naye akashikilia. Wakakaa watu wazima wawili mashavu yamevimba katikati ya ziwa, injini ikiunguruma taratibu, na picha ikapita safi kama kioo: mti mzima ulioanguka zamani, matawi yake yote, na kivuli chake kimelala pembeni kama nguo iliyovuliwa.

Hakuwaambia wapumue. Msusi alijipumulia mwenyewe kwanza.

"Kaka," alisema akihema, "mimi ni mzima! Sina ujauzito!"

Breki hakucheka. Alikuwa anamtazama shemeji yake usoni.

Atasema aliona. Hakuna haja ya kupunguza wala kuongeza. Aliiona sakafu ya ziwa lile kama alivyoona maini ya watu elfu ishirini. Tope laini, weusi usio na mwangwi. Mawe, yanang'aa. Na pale upande wa kushoto wa mti, punje nyeupe kumi na kadhaa, kila punje na kivuli chake kimetengana nayo kidogo. Kivuli kilichogusana na punje ni jiwe. Kilichotengana ni kitu kinachoelea juu ya sakafu, na umbali kati yao unakwambia kinaelea juu kiasi gani.

"Zima injini," alisema. "Mita kumi na tano kushoto, nyuma yetu. Kina cha mita nne. Wanaelea mita moja juu ya tope."

Wakarusha ndoana. Breki akavuta perege wa ukubwa wa kiganja, Msusi akavuta mwingine, Breki tena, Msusi tena. Katika nusu saa ndoo ilikuwa na samaki tisa, idadi ambayo boti ile haijawahi kuiona tangu ifungwe kamba yake ya kwanza. Wakahamia penye mawe. Atasema akasema mita ngapi, upande gani. Kambare wawili. Breki alikuwa anaimba. Atasema hakurusha ndoana hata mara moja. Aliketi amepinda shingo mbele ya skrini, mkao uleule unaomuuma mgongo siku za kazi. Ziwa lilikuwa limekuwa chumba chake, pasipo feni.

"Nyinyi mnafurahi," Msusi alisema, akimchomoa wa kumi na tatu, "lakini hii siyo kuvua. Hii ni kwenda dukani na orodha. Nusu ya raha ya kuja hapa ni kumsingizia samaki asiyekuwepo."

"Wewe vua, dada, acha falsafa."

"Navua. Nasema tu kwamba mkono umechoka na moyo bado umelala."

Ilipokaribia saa sita upepo ukaanza, mawimbi madogo yakaja, na picha ikawa kama bati la paa, mistari mitupu. Breki akazima injini. Akajifuta mikono kwenye suruali. Kisha akageuka, akaweka miguu yote miwili chini, na wa kulia ukakanyaga sakafu ya boti mpaka ikalia.

"Haya, shemeji. Inafaa au haifai?"

Msusi, ambaye alijua habari yote kama wasusi wanavyojua, akaanza ghafla kuhesabu samaki kwenye ndoo.

Mdomo wa Atasema ulifunguka. Na ulishaanza: ulimi ulikuwa umegusa meno, "da" ilikuwa nje kabisa, imening'inia hewani. Aliisikia. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba alisikia namna inavyosikika kwa mtu aliyelala kitandani. Akafunga mdomo. Boti ikazunguka polepole na upepo.

"Haifai," akasema.

"Endelea."

"Mashine ni nzuri. Haina kasoro. Kwa mtu anayevua kwenye ziwa kubwa asilolijua, ambaye yuko majini kila siku, inafaa; atajua kwa wiki moja kitu ambacho kingemchukua mwaka. Kwa kina kifupi kama hiki inaona vizuri sana. Lakini sisi tunakuja kwa saa nne tu kwa wiki. Ziwa hili halina hata mita kumi pale penye kina zaidi, na kwa miaka kumi na miwili tunavua sehemu zilezile sita. Leo umepata mti mmoja ambao hukuujua. Baada ya safari tatu utakuwa umeijua sakafu yote, na sakafu haihami. Utabaki na samaki tu, na samaki anahama. Picha inakuonyesha pale ulipokwishapita. Ukigeuka kumrudia, huenda hayupo. Upepo ukivuma kidogo kama sasa, unatazama mabati. Na lazima mtu mmoja asivue, akae na skrini."

Kwa Atasema hiyo ilikuwa hotuba ya miaka mitatu. Breki alitikisa kichwa polepole, akiyaweka maneno yote mahali pake.

"Na siku ile?" akauliza.

Msusi aliacha kuhesabu.

"Siku ile niliona mara moja," Atasema alisema. Sauti ilikuwa ileile ya mita kumi na tano kushoto. "Madoa matatu kwenye ini. Kubwa lilikuwa sentimita sita. Maji kidogo pembeni. Nilijua hamalizi mwaka. Aliponiuliza nilikuwa nimeshajua. Siku ya pili ningeweza kumwambia. Ya tatu pia. Siku ya tano aliniuliza tena, akiwa anakunja nguo, nikamwambia kibali cha daktari kinachukua muda. Hakuna kitu kinaitwa kibali cha daktari. Nilikitunga."

"Kwa nini?"

"Sijui. Nilikuwa nimezoea. Halafu alikuwa anachagua rangi ya jikoni. Alikuwa amefika kwenye rangi mbili."

Akangoja. Alidhani sasa kitapasuka kitu kifuani, kama wanavyosema watu, au machozi yatakuja, na alikuwa tayari hata kuyapokea. Hayakuja. Ilikuwa kama kusoma fomu kwa sauti, fomu ya mtu unayemfahamu. Tofauti ilikuwa moja tu: safari hii mwenye fomu alikuwa ameisikia.

Breki alitazama maji. Macho yake yalikuwa mekundu. Akavuta kamasi kwa nguvu, bila haya.

"Basi," akasema, "nainunua."

"Nimesema haifai."

"Nimesikia."

"Nimekupa sababu sita."

"Tano, nilihesabu. Sikukuuliza ili nikutii. Nilitaka nione kama unaweza. Gari nililonalo pia niliambiwa halifai." Akavuta kamba ya injini. "Na nusu yangu ya boti siuzi, kwa hiyo usianze kuitamani."

"Wanaume," Msusi aliwaambia samaki.

Jumamosi iliyofuata skrini ilikuwa imefungwa kwa skrubu za kweli, haiazimwi tena. Breki alishika injini, akaelekea jengo lenye tangi, akampita bata bila kumpisha. Atasema aliketi mahali pake. Hakuna aliyemuuliza kitu. Akaanza mwenyewe.

"Tope," alisema. "Tope. Kisiki. Tope. Samaki mmoja, mdogo. Jiwe. Kitu kama ndoo. Tope."

"Kaka," Msusi alisema, "si lazima utuambie kila kitu."

"Samaki wawili. Hawajatengana. Kamba. Tope."

"Kaka Breki, mwambie!"

"Mwache," Breki alisema.

Waliendelea hivyo mpaka saa sita, boti ikienda na kurudi juu ya ziwa kama mtu anayepiga deki, na Atasema akisoma kwa sauti moja, bila kupandisha wala kushusha, mpaka Msusi akajifunga kanga masikioni akaendelea kuvua.

"Mti mwingine," Atasema alisema. "Huu hatukuujua. Umelala upande wa kulia, mita ishirini. Hauna samaki. Tope. Tope."